Siku Tarishi Alipokwenda kwa Miguu Yake

"Hofu haiivi, hata kuni ziishe." Leo mmeisikia ikimwendea mwalimu wa kwaya, alipopiga meza na kuwaita waimbaji wa sauti ya nne mbuzi. Nanyi mkacheka, kisha mkauliza maneno hayo yametoka wapi. Hayakutoka kitabuni. Yalitoka kwenye banda la nguruwe, tena yakanukia vizuri. Asiyekula nguruwe naye asikilize, maana hadithi haina mafuta. Methali hii ilianza namna hii.

Zamani, huku huku Rungwe, wakati mabati yalikuwa juu ya kanisa na juu ya duka basi, palikuwa na mkamwana aitwaye Tusajigwe. Aliolewa katika mji wa Mzee Mwasomola. Mumewe alichuma chai mashamba ya mbali, akirudi nyumbani mara moja kwa mwezi, mwezi mwingine na sukari, mwezi mwingine na maelezo.

Tusajigwe alipotoka kwao, baba yake mzazi alimpa nguruwe jike. Wenzake walikuja na vyungu na mikeka, yeye akaja na nguruwe nyuma yake, hana kamba, wanaongozana kama wanakwenda sokoni. Akamwita Dada. Hakuwa na mtu mwingine wa kwao katika mji ule.

Siku zile nguruwe walifugwa kwa kigingi. Mnyama anafungwa mguu, anazunguka palepale, analala palepale, na mengine yote anafanya palepale, kisha watu wanasema nguruwe ni mchafu. Tusajigwe hakufuga hivyo. Alizungushia ua wa mianzi kipande kizima nyuma ya migomba, akatandika majani makavu ya kulalia, akachimba shimo la matope la kupozea mwili jua likiwaka, na pembeni akaacha udongo mtupu wa kufukua, kwa sababu pua ya nguruwe isipofukua hutafuta ugomvi. Na kweli, wale nguruwe walichagua kona moja ya choo wenyewe, na hawakulala hapo hata siku moja. Wako watu wasioweza hilo, lakini tusiwataje, wengine ni wajomba zenu.

Dada akazaa. Tusajigwe hakuwaachisha watoto ziwa mapema, aliwaacha wanyonye mpaka mama yao mwenyewe akaanza kuwakimbia. Wengine wakaenda kwa majirani, wakabaki madume wawili waliohasiwa wangali wachanga. Mmoja akamwita Karani, kwa kuwa alilala sana. Wa pili akamwita Tarishi, kwa kuwa alikuwa mbio mbio ua mzima bila kufikisha kitu. Aliwalisha magimbi, maganda ya ndizi na machicha ya pombe, na jioni aliwakuna kwa gunzi mpaka wakaanguka ubavu kwa raha.

"Mwenzetu huyu," mama mkwe wake, Bi Subilaga, aliwaambia wanawake kisimani, "ameolewa na nguruwe. Mwanangu ni mgeni tu, akija anakaribishwa."

Sasa kuna mila, nanyi mnaijua, ingawa siku hizi mnaikanyaga kwa viatu. Mkamwana hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, hamtaji jina, wala hawakutani njiani. Mzee akikaribia hukohoa. Mkamwana akisikia kikohozi hujitupa migombani mpaka apite. Walikuwepo waliojificha mpaka wakasahau walikuwa wanapika nini. Hiyo ilikuwa ndiyo heshima, na Mzee Mwasomola alikuwa mtu wa heshima sana. Alikohoa tangu mbali.

Ikafika siku ya kuezeka nyumba ya Mzee. Wanaume kumi na wawili walikuja kusaidia, na Mzee akaamua wachinjiwe Karani. Akaja uani mwenyewe akiwaongoza, na Ambakisye, mdogo wa mumewe Tusajigwe, kijana mwenye kifua kama mlango, amebeba kamba na fimbo. Mzee akakohoa. Tusajigwe, aliyekuwa anamimina machicha, akatupa kibuyu na kukimbilia migombani kama adabu ilivyotaka.

Angalieni kosa hilo. Heshima ilimfukuza mtu mmoja pekee ambaye wale nguruwe walimjua, na badala yake wakaingia watu kumi na wawili na mbwa wanne.

Karani hakuwahi kuona fimbo. Ilipompata mgongoni alipiga yowe lililofika mtoni, akavunja ua, akapita kwenye maharage, akapita katikati ya wanawake waliokuwa wanamenya ndizi, akakata kanisani, akarudi. Tusajigwe alimwona akipita karibu kabisa na mgomba aliojificha, mdomo umejaa povu. Alifungua kinywa amwite. Mzee naye alikuwa hatua kumi tu. Akakifunga kinywa, akauma kanga yake.

Walimkamata mtoni, wakamfunga miguu yote minne, wakamning'iniza kwenye mti kichwa chini na kumbeba hivyo, analia njia nzima. Wakamchinja angali anahema.

Bi Subilaga ndiye aliyepika. Alipokata nyama alishangaa: imepauka, legelege, inachuruzika maji kama nguo iliyotoka kufuliwa. Akaiweka motoni. Ikasinyaa. Akaongeza kuni. Ikakauka, ikawa kamba. Akaongeza kuni tena, mpaka akaanza kuchoma nguzo zilizobaki za nyumba ya zamani. Jua likapanda, likashuka, nyama inachemka tu, inamtazama.

Wageni wakatafuna, kwa kuwa walikuwa wameshanawa. Mmoja akaitoa yake mdomoni, akapanda ngazi, akaichomeka kwenye paa jipya.

"Tuiache hapa," akasema. "Labda itazuia mvua."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na Mzee Mwasomola akaingia ndani akafunga mlango.

Kesho yake Bi Subilaga akaja na hukumu.

"Baba yako amesema nguruwe wako wameharibika kwa kubembelezwa. Wiki ya tatu wakwe wanakuja kumposa wifi yako, Tarishi atachinjwa. Nyama ikitoka kama ya jana, Dada anahamia kwa Ambakisye, akafungwe kigingini kama nguruwe wenzake."

"Mama," Tusajigwe akasema, magoti chini, "si kubembelezwa. Ni kukimbizwa. Tafadhali mwambie Baba..."

"Mimi? Niyapeleke maneno ya nguruwe kitandani? Ugua pole, mwanangu."

Tusajigwe alikaa siku tatu bila kula vizuri. Alikwenda uani, akaketi kwenye majani, na Dada akaja akaweka pua yake pajani pake kama alivyozoea. Aliitazama miguu ya Dada, haina hata alama moja ya kamba. Siku ya nne akakibeba kinu chake, akakipeleka nyuma ya nyumba kubwa, kwenye ukuta ambao upande wa pili Mzee hupenda kuota jua. Akaanza kutwanga. Alipojua Mzee amekaa, akasema kwa sauti:

"Wewe kinu! Kama una masikio, sikia. Tarishi hajui fimbo. Akiiona atafanya kama nduguye, na nyama itakuwa kama ya nduguye."

Upande wa pili kikasikika kikohozi kidogo, kisicho cha kufukuza mtu.

"Wewe jogoo," Mzee akasema, "kiulize hicho kinu, tangu lini nguruwe akapelekwa kuchinjwa kama bibi harusi?"

"Kinu kinasema, tangu watu walipoanza kuezeka nyumba kwa nyama."

Jogoo, ambaye hakuwa na habari na mambo yale, akaenda zake. Mzee ikambidi azungumze na mwiko uliosahauliwa pale ukutani.

"Mwiko! Kinu kinataka nini?"

"Kinataka Tarishi aende kwa miguu yake. Nitangulie mimi na kibuyu, yeye atafuata. Mbwa wafungwe. Fimbo zisionekane. Achinjiwe mbali, Dada asione wala asisikie. Awepo mwanamume mmoja tu na shoka, ampige kisogo cha shoka kwenye paji la uso wakati ana pua chakulani, aanguke hajui, ndipo kisu kije. Na..." hapo akatwanga mara mbili tatu kabla ya kumalizia. "Na mwenye mji asije. Akija, itabidi nikimbie. Nikikimbia, Tarishi naye atakimbia."

Ombi hilo la mwisho lilikuwa zito. Mnyama wa wakwe huchinjwa mwenye mji akiwa amesimama hapo, ndiyo desturi.

Bi Subilaga alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza mkono kiunoni.

"Mmepata wazimu wote wawili!" akasema. "Na wewe, kama unampenda hivyo, mbona unakubali aliwe?"

"Nimemfuga aliwe, Mama, najua," Tusajigwe akajibu. "Lakini kufa ni mara moja. Karani alikufa tangu migombani mpaka mtoni, na kurudi."

Mzee akaugeuzageuza mwiko wake mkononi.

"Mwiko," akasema mwisho, "sema nitakaa nyuma ya nyumba."

Siku ya wakwe ikafika. Mzee akaketi nyuma ya nyumba pamoja na wageni, kama alivyoahidi. Ambakisye akasimama penye uwanja wa chini, shoka amelificha mgongoni, ananung'unika.

"Shemeji, nikionekana na wenzangu hivi, nimekwisha. Nimesimama kama ninayengoja kubatizwa."

"Simama hivyohivyo, shemeji. Na usimwangalie machoni."

Tusajigwe akafungua mlango wa ua na kutikisa kibuyu. Tarishi akatoka. Akasimama, akanusa hewa, akafuata. Walipita njia ya migombani polepole, Tusajigwe akiimba wimbo aliowaimbia jioni akiwakuna, ambao haukuwa na maneno mengi. Hapo katikati njia inapita karibu na nyumba kubwa, na moshi wa jikoni ulikuwa umetanda upande ule.

Moshi ukamwingia Mzee kooni.

Fikirieni hali yake. Kikohozi kinapanda. Kikitoka, mkamwana atakimbia kabla hata hajafikiri, maana miguu yake ilifundishwa hivyo, na nguruwe atakimbia nyuma yake. Mzee akavua kofia yake ya sufu, akaijaza mdomoni, akauma. Macho yakamtoka, machozi yakatiririka, mishipa ya shingo ikasimama kama mizizi. Wakwe wakatazamana.

"Mzee," mmoja akauliza kwa upole, "chakula kimechelewa sana?"

Mzee akatikisa kichwa, anatafuna kofia.

Huko chini Tarishi akafika, akaona chakula kimemwagwa, akainamisha pua. Tusajigwe akamkuna nyuma ya sikio kwa gunzi. Akafumba macho yake mwenyewe. Shoka likashuka mara moja, na Tarishi akaanguka kama gunia lililotuliwa, hakutoa hata mlio. Ndipo Tusajigwe akageuka, akaenda migombani bila kufukuzwa na mtu, akalia huko peke yake.

Bi Subilaga akaipokea nyama akiwa amekwisha kununa tayari. Akaikata. Ilikuwa na rangi ya waridi, imekaza vizuri, kavu mkononi. Akaiweka motoni, akainjika na maji ya kupikia ndizi pembeni, na kwa kuwa alikuwa amejifunza, akaenda kukata kuni za siku nzima. Alirudi na mzigo kichwani, akaangalia chungu, akachoma kipande kwa kijiti. Kijiti kikapita chenyewe. Akaonja. Akaonja tena, ili awe na hakika. Akaonja mara ya tatu, na hiyo ilikuwa tamaa tu.

Wakwe walikula mpaka wakalegeza mikanda. Mkubwa wao, aliyekuwa babu asiye na meno upande wa kushoto, alikula kwa pande zote mbili. Mambo ya posa yakaisha kabla ya chai.

Ambakisye akajipiga kifua mbele ya wageni.

"Ni mkono wangu huo! Pigo moja tu! Na tulipika kwa kuni chache, mzigo mzima umebaki!"

Mzee Mwasomola alikuwa bado anatoa nyuzi za sufu kwenye meno. Akachukua kipande cha ubavuni, kile anachopewa mwenye mji, akakiweka kwenye jani la mgomba.

"Mpelekeeni yule aliye migombani," akasema. "Na Dada abaki pale alipo. Yeye na watoto wake, na ua wao, ni mali ya mkamwana. Asiwaguse mtu."

"Kwani shemeji amefanya nini, Baba?" Ambakisye akauliza. "Nguruwe ni walewale, tumbo moja, chakula kimoja, mpishi mmoja. Yule hakuiva, huyu kaiva. Bahati tu."

Hapo Bi Subilaga akauleta mzigo wake wa kuni, akaubwaga katikati yao kwa kishindo, wageni wakashtuka.

"Bahati? Nani alikaa motoni siku ile, mwanangu, wewe au mimi? Nilichoma kuni zote, nikachoma nguzo, nikabakiza kuchoma mwiko. Mliniletea nyama? Mlimpiga, mkamkimbiza, mkamtundika kichwa chini, mkaniletea woga mtupu, nikaupika kutwa nzima nikidhani ni nguruwe." Akamwita Tusajigwe kwa sauti aje ale jikoni, kwenye mkeka wake mwenyewe, kisha akamgeukia tena Ambakisye. "Hofu haiivi, mwanangu. Hofu haiivi, hata kuni ziishe."