Anayekosekana Ndiye Mkuu

Hapo zamani, wanangu, zamani ambazo wanyama walijenga nyumba, wakapika, wakatoleana mahari na kugombana na majirani kama sisi, palikuwa na kijiji kiitwacho Kipululu. Kipululu ilikuwa na uwanja wa mpira wa kikapu, udongo wake mwekundu umeshindiliwa ukawa mgumu kama sakafu. Ilikuwa pia na kisima. Mwaka huo mvua ilikataa kabisa. Mito ikageuka mchanga, visima vya jirani vikakauka, kikabaki hicho kimoja tu.

Mlinzi wa kisima alikuwa Mzee Tembo. Yeye ndiye aliyeshika kata ya kuchotea, na mwenye kata ndiye aliyeamua nani anywe, lini, na kiasi gani. Lakini Mzee alikuwa amechoka, magoti yanamuuma. Basi siku timu ya Kipululu ilipowafunga watu wa Ng'ambo na kurudi na kombe, furaha ikamlevya. Akapanda kichuguu, akatangaza:

"Mchezaji mkuu kuliko wote katika timu yetu, huyo nitamkabidhi kata!"

Lo! Laiti angenyamaza.

Twiga alikuwa wa kwanza kusimama. "Basi ilete, Mzee. Kikapu kiko juu, na mimi niko juu. Nani kafunga pointi nyingi kunizidi?"

"Pointi!" Kifaru akakoroma, vumbi likatimka, fyuuu! "Unafunga kwa sababu mimi nimekufagilia njia. Mchezaji mkuu ni yule ambaye akisimama chini ya kikapu hapiti mtu. Mmewahi kuona mtu akipita kwangu?"

Chui alikuwa amejilaza juu ya ubao wa kikapu, mkia ukining'inia. Hakupaza sauti.

"Makombe sita," alisema. "Na katika kila fainali, mpira wa mwisho ulikuwa mkononi mwa nani? Mkuu hufunga wakati mioyo ya wengine imesimama. Mengine hayo ni porojo."

Kijiji kikagawanyika. Wako waliosema pointi, wako waliosema makombe. Wengine wakashikilia kwamba mkuu ni yule anayecheza huku anaumwa. Mabibi waliokuwa wakitwanga mtama walibishana mpaka michi ikasahauliwa kinuni. Timu ilikuwa na wachezaji wengine wawili, Nyumbu na Ngiri, lakini hao hakuna aliyewataja. Kazi yao ilikuwa kukimbilia mpira uliotoka nje.

Siku ya nne Kifaru akabomoa ukuta wa jiko la Twiga. Mzee Tembo akaona maji yamezidi unga, akatafuta wa kumtwika mzigo. Macho yake yakamwangukia Kuchakulo.

Kuchakulo, kwa asiyemjua, ni ndugu yake kindi, mdogo, mwenye mkia mrefu, akaaye shimoni. Ndiye aliyekuwa mwandishi wa pointi. Kila mechi alikaa pembeni na kipande cha mkaa, akiandika kwenye gome la mti.

"Wewe umeyaandika yote," Mzee alimwambia. "Kesho saa nne utamtaja mkuu mbele ya watu."

"Mimi, Mzee? Hawa mabwana watatu nitawaweza wapi?"

"Kesho!" Mzee akasema, akaondoka haraka, hakutazama nyuma.

Jua halijatua, Twiga akafika na fungu la majani mororo. Akamnong'oneza kwamba jina lake ni rahisi kulitamka. Kifaru hakuleta kitu. Alipiga mguu chini mara moja tu, puu! na udongo ukamwagika ndani ya chungu cha uji.

Kisha akaja Chui. Alibisha hodi kwa adabu.

"Karibu, Bwana Chui."

"Sikai, mama. Nimepita tu kukujulia hali." Akachungulia ndani. "Watoto wako ni wanne, sivyo? Nilidhani watatu. Nimewahesabu tena, ni wanne."

Kuchakulo akajisogeza, akauziba mlango. "Ni wanne, bwana."

"Mungu akukuzie," Chui akasema, akaenda zake.

Kuchakulo alikaa kando ya mafiga, mwiko mkononi, uji unaungua haoni. Akimtaja Twiga, Kifaru atalikanyaga shimo lake. Akimtaja Kifaru, Chui atarudi. Na akimtaja Chui, je? Chui akishika kata, kila mnyama mdogo wa Kipululu atakwenda kisimani kupita mbele ya meno yake, na si wote watakaorudi. Aliwaza hivyo mpaka mtoto mmoja alipomvuta mkia: "Mama, kunanuka!"

Kesho yake, saa nne, uwanja ulifurika. Kuchakulo alipanda juu ya mtungi uliofudikizwa, akasafisha koo.

"Mabwana na mabibi. Marehemu babu yangu alikuwa mwandishi wa pointi kabla yangu. Aliniambia hivi: mjukuu wangu, usihesabu alichofunga mtu alipokuwapo. Tazama kinachoanguka asipokuwapo. Anayekosekana ndiye mkuu."

Babu yake, wanangu, hakuwahi kuuona mpira. Lakini shida ikizidi, hata marehemu husingiziwa.

"Basi," akaendelea, "tucheze mechi tatu, siku tatu, wanne kwa wanne, dhidi ya timu ya wanyama wadogo wa hapa kijijini. Kila siku mmoja wa mabwana hawa atakaa nje. Siku tutakayofungwa, yule aliyekaa nje ndiye mkuu, maana bila yeye timu imeanguka."

Twiga akacheka. "Bila mimi? Mtafungwa kabla ya jasho kutoka. Nakubali!"

"Nakubali!" akanguruma Kifaru.

Chui alimtazama Kuchakulo kwa kitambo, macho nusu wazi. "Matokeo peke yake ndiyo yataamua, hakuna neno jingine?"

"Hakuna, bwana. Tukishinda siku zote tatu, hakuna aliyekosekana."

"Haiwezekani," Chui akasema. "Nakubali."

Siku ya kwanza Twiga akakaa nje, amekunja miguu, akisubiri kuombolezewa. Kumbe Kifaru na Chui nao walikuwa na hesabu yao: wakifungwa, kata ni ya Twiga! Hawakuwahi kupeana pasi hata siku moja, lakini siku hiyo Kifaru alizuia, Chui akafunga, dundu-dundu-dundu, chwa! Wakubwa ishirini na mbili, wadogo kumi na tano. Twiga aliinuka, akaenda zake.

Siku ya pili alikaa nje Kifaru. Twiga na Chui wakacheza kama mapacha. Kumi na nane kwa kumi na nne. Kifaru aling'oa kichaka kizima kwa hasira, lakini angemlaumu nani? Pointi zilionekana na kila mtu.

Hapo ndipo Chui alipoelewa: kila anayebaki uwanjani atapigana ili aliyekaa nje asishike kata. Alimtazama Kuchakulo ng'ambo ya uwanja, akatabasamu kwa jino moja.

Siku ya tatu, mechi ilipoanza, Kuchakulo aliona kitu kimeharibika. Nyumbu alikuwa akikimbia upande usio wake. Ngiri alishika mpira akauangusha kama unaunguza. Kila walipoelekea kikapuni, macho yao yalimtafuta Chui aliyekaa pembeni, akijilamba vidole taratibu. Twiga na Kifaru wakabaki wawili dhidi ya wanne.

Na wadogo siku hiyo walikuwa moto! Nahodha wao Digidigi, asiyefika hata gotini kwa Twiga, alipita huku, akatokea kule, chwa! Watu wake wakapiga vigelegele. Hawakuwahi kuongoza mechi tangu uwanja huo ushindiliwe. Kuchakulo alitamani kumpigia kelele, "Ndugu yangu, tulia, unatuua!" Akajiuma mdomo. Hakuwa amewaambia kitu wadogo. Chui aliijua harufu ya mechi iliyouzwa; angeinusa, hukumu ingevunjika na shingo yake pia.

Mapumziko: wadogo kumi na moja, wakubwa sita.

Kuchakulo akapita karibu na Kifaru, gome mkononi, akajisemea kwa sauti, "Loo, mkaa wenyewe unakwisha. Sijui niandike sasa hivi, 'Chui, mshika kata.' Maana naona mabwana hawa wameshazoea kiu."

"Umesemaje?" Kifaru akageuka.

"Nasema Bwana Chui atakuwa mkarimu. Atakupa tone asubuhi, na tone jioni ukimwamkia vizuri."

Kifaru aliingia uwanjani nchi ikatikisika. Lakini hasira peke yake haifungi. Alivamia, wadogo wakampenya chini ya tumbo. Twiga akainama, akamwambia sikioni, "Ndugu yangu, jiko langu tutalizungumza baadaye. Mimi nitadaka, wewe kimbia. Utaukuta mpira mbele yako."

"Hujawahi kunipa pasi."

"Leo nitakupa."

Akampa. Akampa tena. Pointi zikapanda, kumi na mbili, kumi na tano, kumi na nane. Wadogo wakafika kumi na tisa. Siku hizo mechi iliisha kivuli cha mlingoti wa kikapu kilipogusa jiwe jeupe, na sasa kati ya kivuli na jiwe palibaki upana wa kidole.

Wadogo kumi na tisa, wakubwa kumi na nane, na mpira mkononi mwa Digidigi.

Angeudundisha tu akazunguka nao, yangekwisha. Kuchakulo alikuwa ameushika mkia wake kwa mikono miwili. Watoto wake wanne walikuwa mstari wa mbele wakishangilia, hawana habari. Lakini Digidigi alisikia jina lake likiimbwa na uwanja mzima. Nani kati yetu angetulia? Akaruka, akarusha.

Ngo! Mpira ukagonga chuma.

Twiga akaudaka juu kwa juu, akautupa mbali. Kifaru alikuwa tayari anakimbia, gidi-gidi-gidi! Akaudaka. Wadogo watatu wakamzingira. Zamani angewapitia hivyo hivyo na pembe. Akainua kichwa, akaona chini ya kikapu amesimama mtu peke yake.

"Ngiri! Shika!"

Ngiri akashika. Chui akasimama.

Ngiri alimtazama Chui. Chui alitikisa kichwa, mara moja, polepole. Kisha Ngiri akafumba macho, akarusha.

Mpira ulizunguka juu ya chuma, ukazunguka tena.

Chwa.

Kivuli kikagusa jiwe. Ishirini kwa kumi na tisa!

Chui alikuwa hewani kabla vigelegele havijaanza, kucha nje, anamlenga Ngiri. Akatua mbele ya pembe ya Kifaru.

"Mguse," Kifaru akasema. "Mguse uone."

"Alfajiri alikuja kwangu!" Ngiri akalia. "Kwangu na kwa Nyumbu. Alisema tukifunga hata kikapu kimoja, mwisho wetu umefika!"

"Na kwangu alikuja," Kuchakulo akasema kutoka juu ya mtungi. "Aliwahesabu wanangu. Ni wanne, wale pale. Nanyi nyote wahesabuni, ili akipungua mmoja mjue mlango wa kubisha."

Watu wote wakageuka, wakawahesabu kwa sauti. Kisha wakamgeukia Chui.

"Umetuchezea, we panya!" Chui akafoka.

"Mimi, bwana? Mimi sikugusa mpira. Twiga hakuwapo, tulishinda. Kifaru hakuwapo, tulishinda. Leo wewe hukuwapo, na umejitahidi tufungwe, tumeshinda. Mmejibu wenyewe kwa jasho lenu. Nimeandika nilichokiona."

Kifaru alikuna udongo kwa mguu. Mzee Tembo akajikohoza mara tatu, kama mtu anayeona haya, ndipo akasema, "Basi kata haina mwenyewe. Nitaifunga kwa kamba mdomoni mwa kisima. Atakayefika kwanza anywe, amchotee atakayefuata."

Chui akaondoka kuelekea majabalini, na hakuna aliyemsindikiza.

Jioni foleni ilikuwa ndefu, wakubwa kwa wadogo. Kuchakulo alipofika kisimani alimkuta Digidigi amesimama kando, hajanywa, macho mekundu.

"Dada Kuchakulo, niambie kweli. Ulitaka tufungwe?"

Kuchakulo angeweza kumdanganya. Alikuwa hodari wa hilo, na siku zile tatu alikuwa amedanganya vya kutosha.

"Nilikuombea ukose," akasema. "Roho iliniuma, lakini nilikuombea ukose."

Digidigi akanyoosha mkono, akaishika kata, akachota, akanywa. Kisha akachota tena, akampa Kuchakulo.

Ndivyo ilivyokuwa Kipululu, wanangu: ukijiita nguzo, kubali kwanza uondolewe, tuone kama nyumba itaanguka.