Ndama wa Mguu wa Kokubanza

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, gogo lilimwangukia mkulima wa migomba aitwaye Kokubanza, likambana mguu tangu alfajiri hadi adhuhuri. Walipomfikisha hospitali, mguu ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Msinikate," alisema. "Nina shamba."

Byabato, daktari wa upasuaji, akamjibu, "Mama, nitaufungua mshipa damu ipite. Lakini damu ikirudi ghafla, nyama nyingine hufa papo hapo."

Zamaradi, daktari wa usingizi, aliijua sababu. Rafiki yake Mujuni wa maabara alikuwa amemweleza: kila seli ya mwili hujisafisha, hula takataka zake yenyewe. Hiyo ni afya. Lakini seli iliyokosa damu, damu ikirudi, hushikwa na wazimu wa kusafisha: humaliza takataka, ikala vyombo, ikala na kuta. Mujuni alizitia seli za panya dawa ya usingizi ya mshipani, ile nyeupe kama maziwa, akaona zinafagia kwa kiasi.

Zamaradi akampigia simu. "Nimlaze kwa dawa yako?"

"Zile zilikuwa seli za panya, dada. Siwezi kuapa kwa mguu wa mtu."

Zamaradi akashusha pumzi. Akaiacha dawa ya kuvuta kwa pumzi, akachukua ile nyeupe. Byabato akaufungua mshipa, kwa muda wa saa nne bila kuketi.

Baada ya miezi mitatu Kokubanza aliingia hospitali kwa miguu yake miwili, anacheka, anavuta ndama jike.

"Huyu ni wa aliyeuokoa mguu wangu. Ni mmoja, na sitaki achinjwe."

"Basi ni wangu," alisema Byabato. "Bila kisu changu damu ingepita wapi?"

"Ungeirudisha kwenye mguu unaojila wenyewe!" alisema Zamaradi. "Mimi ndiye niliyechagua dawa. Mguu ungeoza, lawama ingekuwa yangu."

"Ulichagua kwa macho yangu," alisema Mujuni, aliyetoka maabara kuja kumwona ndama. "Miaka sita nimeinamia hadubini."

"Na nilipokuuliza ukakataa kuapa!"

"Kwa hiyo niliyesema kweli ninyimwe ndama?"

Byabato akatabasamu. "Na nani anajua, pengine kisu peke yake kilitosha."

Wakacheka wote wanne. Kokubanza akabaki ameshika kamba, ndama anatafuna maua ya hospitali.

Haya, ninyi mnaonisikiliza: kamba ile mngemkabidhi nani?