Kamera ya Babu Yoeli na Msumari wa Pili

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni Babu Sifaeli, mdogo wake bibi yangu, siku tulipoanua matanga ya bibi kule Usangi, mwaka 2014. Alitakiwa atoe uamuzi, akashindwa, akasimulia. Nami naiandika kama alivyoisema.

Bibi Nakijwa alikuwa na watoto watatu. Namkunda, wa kwanza, alijua kutunza. Kitu kikiingia mikononi mwake hakipotei wala hakiozi. Zefania, fundi saa wa Moshi, alijua kufufua kilichokufa. Eliamini, kitinda mimba, alijua kupiga picha; mtu akikaa mbele yake husahau kununa.

Mumewe bibi, Babu Yoeli, alipiga picha za harusi Upare nzima kwa kamera ya filamu, ya chuma, nzito. Bibi mwenyewe hakukubali kupigwa hata siku moja. "Kesho," alikuwa akisema, "leo sijajiandaa." Babu akafa, picha yake ikatundikwa sebuleni, na bibi akagongelea msumari wa pili pembeni yake, mtupu. Alipougua ugonjwa ambao hata yeye alijua haponi, aliutazama ule msumari akasema, "Sasa nimejiandaa. Nipigeni upesi."

Eliamini akaja kutoka Dar na kamera ya dijitali ya bei mbaya. Akamwelekezea mama yake, kamera ikapima mwanga, namba zikatokea kwenye kioo. Kabla hajabonyeza, kioo kikazima. Betri ilikuwa imejaa.

Zefania akaifungua, akachungulia. "Humu ndani ni kibao kimoja, kila kitu kimegandishwa humo. Hakuna cha kurekebisha. Nunua kibao kingine."

"Nimepiga simu dukani. Wanasema hakitengenezwi tena."

"Kwani ina miaka mingapi?"

"Mitano."

"Mitano! Hata sufuria ya mama inakucheka."

Hapo Namkunda akaingia jikoni, akarudi na debe la mchele. Tangu babu afariki alikuwa ameifukia kamera yake humo, ili unyevu wa milimani usioteshe kuvu kwenye lenzi. Akaipangusa kwa kanga. Lenzi iling'aa kama jana. Lakini ilipobonyezwa, haikulia.

Zefania akatoka nayo uani, akaifungua kwa bisibisi zake za saa. Kwenye meno ya magurudumu ya ndani akakuta unga wa mchele umeganda.

"Dada, umeitunza mpaka umeikaba koo."

"Nisingeitunza, leo ungefungua nini?"

Akaisafisha meno yote. Springi moja ikaruka, ikapotelea kwenye nyasi, ikatafutwa na wote bila kuonekana. Akakata nyingine kutoka kwenye saa mbovu, akaipachika. Kamera ikalia: kwach!

Eliamini akaweka filamu aliyoipata kwa mpiga picha mmoja wa zamani. Namba za mwanga alikuwa bado anazikumbuka kutoka kwenye kile kioo kilichozima, akazipanga vilevile. Kisha akabonyeza mara mbili bure, kama inavyotakiwa, ili filamu ivutike. Kwach, kwach.

Bibi akaangua kicheko, mapengo yote nje. "Huyo ni Yoeli! Anakohoa kabla ya kusema!"

Eliamini akabonyeza. Akaendelea kupiga, nyingi. Mwishowe, kwa mazoea yake ya dijitali, akataka kuona zimetokaje. Akafungua mgongo wa kamera.

"Unafanya nini wewe!" Zefania akapiga kelele.

Akaufunga, lakini mwanga ulikuwa umeshaingia. Filamu ilipokwenda kusafishwa, picha zote zilikuwa zimeungua, isipokuwa ya kwanza, iliyokuwa imejiviringisha ndani kabisa. Ile ya kicheko.

Bibi aliishika kwa mikono miwili. "Kamera ya baba yenu apewe aliyeniletea uso huu."

"Ndiye yupi, dada?" Babu Sifaeli akauliza.

"Wenyewe wanajua."

Akafariki wiki hiyohiyo. Na wenyewe hawakujua.

"Bila mimi kungekuwa na chuma chenye kuvu," Namkunda alisema siku ya matanga.

"Bila mimi isingelia," akasema Zefania, "na isingelia, mama asingecheka."

"Springi ya baba iko kwenye nyasi," Eliamini akamjibu. "Utabadilisha vipande vingapi na bado iwe kamera ya baba? Bila mimi pasingekuwa na picha."

"Wewe uliyeziunguza?" wakamgeukia wote wawili.

Babu Sifaeli akashika kichwa. "Nikimpa Namkunda, itarudi kwenye mchele, isipige tena. Nikimpa Eliamini, ataipigia picha mpaka ichakae. Nikimpa Zefania, ataifungua kila ikikohoa, mpaka isibaki humo hata skrubu moja ya Yoeli. Kila nikiamua, naona nimekosea."

Namkunda ni mama yangu, kwa hiyo mimi simo katika kuamua. Niliombwa tu niihifadhi kabatini mpaka neno lipatikane. Babu Sifaeli alifariki mwaka juzi bila kulisema. Mama na wajomba zangu wawili wako hai, na picha ya bibi iko kwenye msumari wake. Jana nilifungua kabati: lenzi imeanza kuota ukungu pembeni. Wewe uliyesikiliza mpaka hapa, niambie mapema: nimpelekee nani?