Kwa Nini Bakuli la Jirani Halirudi Tupu

Mnacheka mkimwona mama yenu akitia mayai mawili kwenye bakuli la jirani kabla ya kulirudisha. Haya, tulieni niwaambie jambo hilo lilikoanzia, maana mimi lanishangaza hadi leo.

Hapo kale, huku milimani Upare, kila nyumba ilikuwa na njia moja tu, ya shambani. Njia ya kwenda kwa jirani haikuwapo, kwani nani angeipita? Watu walipika milango imefungwa. Tajiri kuliko wote alikuwa Senkondo, mwenye maghala saba ya mtama. Utajiri gani huo sijui, maana usingizi hakuupata. Leo aliogopa panya, kesho mvua, keshokutwa mashemeji zake.

Mkewe, Namsifu, akajifungua mtoto wa kike, na maziwa yakakataa kutoka. Kitoto kikalia kutwa nzima. Senkondo akasonga ugali mkubwa, mke akashindwa kumeza hata tonge. Mume akasimama katikati ya maghala yake, na kwa mara ya kwanza akajiona fukara.

Kilio kile kilimfikia Nakiete, mjane wa ng'ambo ya bonde. Akafyeka nyasi apate pa kupita, akafika na bakuli la mti lenye supu ya kuku wake wa pekee. Namsifu akanywa, akalala. Alipoamka kifua kilikuwa kimejaa, na mtoto akanyonya hadi akashiba. Senkondo alishangaa. Akauliza alipe nini.

"Mwanangu," Nakiete akamjibu, "nimekuja kumwona mzazi, sikuja sokoni."

Asubuhi Senkondo akaliosha bakuli, akashika njia ile mpya. Kabla hajafika mbali miguu ikagoma. Aliona aibu kubeba bakuli tupu. Akarudi, akalijaza mtama. Nakiete akaugawa kwa majirani zake na kuwapa habari za mtoto, nao wakafyeka njia zao kuja kumpongeza mzazi, kila mmoja na alichojaliwa. Jioni kibarazani kwa Senkondo palijaa mabakuli ya watu, na vijia vipya vilishuka kila upande wa mlima kama mishipa ya mkono wangu huu. Senkondo akavitazama asiamini macho yake. Siku hiyo alilala fofofo, mlango wazi.

Na tangu siku hiyo bakuli la mtu halirudi tupu, na huku kwetu hatuulizi fulani ana maghala mangapi. Tunachungulia jikoni kwake. Tukikuta vyombo vyote ni vyake mwenyewe, tunamwonea huruma.