Jiwe la Nyegere na Bawa la Mlembe

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitika kama mmeamshwa usingizini! Paukwa!

Pakawa!

Haya. Na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tema usikilize, maana hadithi hii hunikera kila nikiisimulia, na sitairudia.

Hapo kale, kale hasa, alikuwepo Nyegere. Nyegere mnamjua. Mfupi, mgongo mweupe, kucha hizi! Hasira puani. Alimpiga Ngiri. Alimpiga Kicheche. Hata kichuguu alikipiga, eti kimemkwaza. Wanyama wakimwona, mbio! Mwisho akabaki yeye na mkewe na watoto wao, na Mlembe.

Mlembe ni ndege mdogo wa kijivu. Anajua nyuki walipo, lakini hawezi kupasua gogo. Nyegere anaweza kupasua gogo, lakini hajui nyuki walipo. Basi walishirikiana. Mlembe huita, che-che-che! Nyegere humfuata. Wakifika, Nyegere hupasua, hula asali, na Mlembe huachiwa sega lake. Ndiyo desturi yao tangu kwa mababu. Na desturi hiyo ina makali: Mlembe akidhulumiwa, siku nyingine atakuita vilevile, che-che-che, nawe utamfuata, naye atakupeleka kwa chui.

Siku moja Nyegere akasema, "Mke wangu, nimechoka kuogopwa. Naweka nadhiri. Sitamdhuru kiumbe yeyote, si kwa ukucha, si kwa jino. Na kila asubuhi nitakaa nitafakari."

Mkewe akafurahi. Maskini, akafurahi!

Nyegere akapata jiwe kando ya kijito. Akakaa. Akafumba macho. Akaimba:

Tulia, moyo, tulia,
Ukucha, lala, lala.

Chura akalia, kro! "Nyamaza, mshenzi! Huoni natafakari?" Mwanawe akaja, "Baba, njaa." "Toka! Unanivurugia amani!" Amani gani hiyo, jamani? Amani ya kufokea watoto?

Kiangazi kikaingia. Asubuhi moja Mlembe akaja, che-che-che! "Nyegere, nimeona nyuki, twende!"

Tulia, moyo, tulia.

Che-che-che! "Nyegere, twende kabla jua halijawa kali!"

Ukucha, lala, lala.

Che-che-che!

Nyegere akafumbua jicho moja. Akaokota gongo. Fyuu! Pa! Likampata Mlembe bawani. Manyoya yakatawanyika. Mlembe akaanguka chini, akajikokota hadi kichakani. Na Nyegere? Akafumba jicho lake, akaendelea kuimba! Niambieni, mtu kama huyu umfanyeje?

Mkewe akasikia, akaja mbio. "Umempiga Mlembe?"

"Sikumpiga kwa ukucha. Sikumpiga kwa jino. Nadhiri yangu iko palepale."

"Ala! Kwa hiyo gongo lilijirusha lenyewe?"

"Na wewe usinivurugie."

Mkewe akashika kichwa. Hata mimi hushika kichwa nikifika hapa.

Siku zikapita. Mizizi ikaisha. Wadudu wakaisha. Watoto wakalamba sega kuukuu mpaka likaisha. Asubuhi moja kitindamimba hakuinuka. Aliitwa, hakuinuka. Aliinuliwa, akaanguka. Mama yake akaenda mpaka kwenye jiwe, akasimama mbele ya mumewe.

"Mwanao hainuki. Na jiwe lako halina asali. Nenda kamwombe Mlembe radhi, la sivyo nyumbani kwangu usirudi!"

Nyegere akaenda. Akasimama kichakani. Akasema, "Mlembe, niwie radhi. Lakini na wewe ulizidisha kelele."

Lahaula! Radhi gani yenye "lakini" ndani yake?

Mlembe akamtazama. Akasema, "Nifuate."

Bawa limelegea, hawezi kupaa. Anarukia tawi hili, puru! Anatua. Anarukia tawi lile, puru! Anatua. Nyegere yuko nyuma yake, mdomo haufungi. "Fanya haraka! Mwanangu anakufa!" Wakafika njia panda. Mlembe akatua juu ya mti wa miiba. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akanyamaza.

"Mbona umeduwaa? Hata njia umeisahau?"

Mlembe kimya.

"Nasema na wewe! Kiziwi?"

Mlembe akavuta pumzi. Akaruka, akashika njia ya kulia.

Nyuki hao, vuuu! Nyegere akapasua gogo, kwa, kwa, kwa! Asali tele. Akakata sega nene, akalitandika juu ya jani kwa ajili ya Mlembe. Hapo akaliona lile bawa kwa karibu. Aibu ikamshika.

"Mlembe, bawa hili nimelivunja mimi. Na desturi naijua. Mbona hukunipeleka kwa chui?"

"Nilikuwa nakupeleka."

Asali ikamdondoka mkononi.

"Njia ya kushoto," Mlembe akasema, "inakwenda kwa chui aliyezaa juzi. Nilitoka kichakani nimeshaamua. Lakini nilipotua pale juu nikajiuliza, huyu akiliwa, bawa langu litapona? Nikamfikiria mwanao. Hasira haikutaka kushuka. Nikaisubiri mpaka iliposhuka."

"Ulitafakari? Lini? Mbona sikukuona umefumba macho?"

"Palepale. Uliponiita kiziwi."

Nyegere akabeba asali nyumbani. Kitindamimba akalambishwa, kidogo, tena kidogo, mpaka akafumbua macho.

Kesho yake Nyegere hakwenda kwenye jiwe. Kitindamimba yuko mgongoni anamvuta masikio. Chura huko kijitoni, kro, kro, kro!

Mkewe akauliza, "Leo hutafakari?"

"Natafakari," akajibu, meno ameyauma. "Niombee."

Che-che-che!

"Naam, Mlembe. Naja."

Mmesikia? Kutulia mahali pasipo na wa kukuudhi si kazi. Hata jiwe hutulia, na nani amelisifu? Utakapokerwa, hapo ndipo usimame, uuulize moyo wako, uuzuie mkono wako, na ulimi pia, na gongo pia, msije mkaniambia sikulitaja.

Hadithi yangu imefika kwenye sega lake, na hapo imeishia. Na wewe wa muwa, okota makapi yako. Sijakasirika. Si nimesema polepole?