Kitambaa Juu ya Meza

Kabla ya kubana mkono, funua kitambaa. Mmemsikia fundi akiyasema hayo, mkacheka, sasa mnataka kujua kitambaa kinahusu nini. Haya, na anayechezea simu aiweke chini. Maneno haya yana mahali yalikotoka.

Katika ofisi ya kuchora ramani za viwanja, kule Tukuyu, alikuwepo mchoraji aitwaye Atupele. Skrini ya kompyuta yake ilikaa chini mno. Alichora akiwa ameinama miaka sita, hadi shingo ikakataa kugeuka. Daktari hakumung'unya maneno: "Inua hiyo skrini, au uache kazi." Na Atupele hakuwa na kazi nyingine aliyoijua, wala aliyoipenda.

Akaenda dukani kuchagua. Kulikuwa na stendi ya kuweka juu ya meza, pana, nzito, isiyo na urembo wowote. Kulikuwa pia na mkono wa chuma wa kushikilia skrini, unaobanwa kwenye ukingo wa meza, unaopanda na kushuka utakavyo. Akaupenda mkono.

"Meza yako ni ya mbao gani, dada?" muuzaji akauliza.

"Mninga," akajibu upesi. Hakujua. Hakuwahi kuiona.

Meza ile ilifunikwa kitambaa cheupe alichokifuma marehemu mama yake Atupele, mke wa Mzee Ngwale, mwenye ofisi. Kwa miaka tisa hakuna aliyethubutu kukiondoa. Kilipanguswa vumbi palepale kilipo, basi.

"Bana juu yake," Mzee alisema. "Ila usikitoboe."

Atupele akakaza skrubu. Meza ikalia kidogo. Akakaza tena, kisha akaitundika skrini, iliyokuwa ya pekee ofisini. Hakuuondolea macho ule mkono.

Mkono ukaanza kuinama. Polepole. Akaidaka skrini kwa mikono miwili, shingo ikamchoma hadi machozi yakamtoka. Ukingo wa meza ukameguka, unga wa kahawia ukamwagikia miguuni. Sasa chuma kilining'inia kwenye kitambaa tu.

Mzee Ngwale akaruka kusaidia. Akashika kitambaa!

"Baba, shika skrini!"

"Kitachanika!"

"Na shingo yangu je? Siwezi tena, Baba!"

"Ni cha mama yako hiki!"

"Mama alikifuma kipambe meza! Hakukifuma kibebe chuma!"

Mzee alimtazama. Kisha akaachia kitambaa, akaikumbatia skrini. Nyuzi zikakatika moja baada ya nyingine, mkono ukaanguka sakafuni kwa kishindo, na meza ikabaki uchi. Ilikuwa ganda tupu. Mchwa walikuwa wameimaliza.

Walikaa chini wote wawili, skrini nzima katikati yao. Mzee akasema, "Miaka tisa nalinda juu, nao wanakula chini." Akaguna. "Lakini nawe, mwanangu, kabla ya kubana mkono ungefunua kitambaa."

"Ungeniruhusu, Baba?"

Wiki ileile Mzee alileta meza mpya, akaigonga kila pembe mbele ya watu wote, akaiacha bila kufunikwa. Skrini ikakaa juu ya ile stendi isiyo na urembo, na Atupele akachora shingo ikiwa wima. Kitambaa Mzee alikishona mwenyewe, vibaya, akakitundika ukutani. Kila mgeni wa kazi alisimamishwa mbele yake aione ile mishono, kisha Mzee akamwambia: kabla ya kubana mkono, funua kitambaa.