Kashata ya Vidonge Mia Tatu

Wallahi, haya nitakayoyasimulia ni kweli tupu, na asiyeamini aje Bagamoyo awaulize majirani. Uongo uliomo ni mmoja tu, nao niliutamka mimi mwenyewe. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, yaani mwongo hafiki mbali: atakwenda hatua mbili tatu, kisha agongane uso kwa uso na jambo lile lile alilolikimbia. Mimi, Mrisho, nimeisikia methali hii tangu utotoni nikidhani imetungwa kwa ajili ya watu wengine.

Jirani yangu, Bi Miza, ni mjane, na kashata zake zinasifika mtaa mzima. Ni ngumu nje, laini ndani, zinanukia iliki. Ukiuma moja ni kama umeitwa jina lako na mtu unayempenda. Binti yake, Shaima, aliposwa na Najim, kijana wa Kerege, mwana wa Mzee Muataz mwenye duka la jumla. Siku wakwe walipokuja mara ya kwanza, mimi nilikuwa msibani Msata. Niliporudi, nikaikuta nyumba ya Miza imepoa kama jiko la jana.

"Kaka Mrisho, mkwe kakataa," alinieleza. "Nilimtengea kahawa na kashata kwa mkono wangu. Kahawa kainywa. Sahani ya kashata kaisukuma kwa vidole viwili, hivi. Mtu asiyeonja tamu ya nyumba, ana nia gani na binti wa nyumba?"

Mtaani kwetu mkwe akionja, neno limekubaliwa. Asipoonja, majirani huanza kunong'ona.

Jioni ile alikuja Dija, mshenga wa shughuli yenyewe, akafunga mlango kwanza ndipo akasema. "Mzee Muataz ana kisukari. Anaona haya, hataki kijulikane. Na mimi sijawaambia kitu, mmenisikia?"

Miza alifurahi, kisha akachanganyikiwa zaidi. Wakwe walikuwa wanarudi Ijumaa, baada ya swala, kuchukua jibu. Akimtengea kashata, mzee atasukuma tena. Asipomtengea, atajua siri yake imevuja. Na Shaima akikataliwa mara mbili mbele ya watu, nani atakuja kubisha hodi mara ya tatu?

Ni Shaima aliyekwenda duka la dawa akarudi na vikopo viwili vidogo, kila kimoja hakizidi kidole gumba. Ukikibonyeza kichwani kinatema kidonge kimoja, kidogo kama jicho la dagaa. Ubavuni kimeandikwa kwamba hakina sukari, lakini kidonge kimoja kina utamu wa kijiko kimoja cha sukari.

"Babu, hivi watu hutilia kwenye chai," akaniambia. "Je, vinaweza kupika kashata?"

Hapo nilipaswa kusema sijui. Ni neno jepesi kwa wengine; kwangu ni zito kama gunia.

"Mjukuu wangu, unamuuliza nani? Nimekuwa mpishi wa meli miaka kumi na mmoja. Wazungu wa melini hawagusi sukari. Tulipika halua kwa vidonge hivyo hivyo, mpaka nahodha akalia."

"Melini?" Miza alishangaa. "Mimi nilijua ulikuwa kwenye..."

"Kabla hujahamia," nikamkatiza.

Huo ndio uongo wenyewe. Meli nimepanda mara moja, kwenda Unguja, na nilitapika tangu inang'oa nanga. Lakini nilipoanza kupiga hesabu, mambo yalikaa sawa hadi nikatishika. Kashata ya wageni huchukua kilo moja na nusu ya sukari. Tukapima kijiko kwa kijiko, tukapata kama mia tatu. Na kikopo kina vidonge mia tatu! Nikaanza kuuamini uongo wangu mwenyewe.

Ijumaa asubuhi Miza alikuna nazi sita. Shaima akabonyeza vidonge kwenye maji, tik, tik, tik, mpaka kidole kikafa ganzi. Miza akaonja maji yale, macho yakamng'aa. "Tamu!" Akatia nazi na iliki, akainjika, akaanza kusonga.

Sukari ingekwisha kutoa povu, ikawa nzito, ikaushika mwiko. Hii haikushika kitu. Maji yalibaki maji na nazi ikabaki nazi, kama watu wawili waliogombana wakapangiwa chumba kimoja. Baada ya nusu saa Miza akaonja tena, akasimama mwiko uko hewani.

"Utamu haupo."

"Haupo vipi?"

"Onja."

Nikaonja. Nilikuwa kama ninatafuna dodoki.

"Shaima, umeonja kiasi gani?"

"Mama, kijiko kimoja tu, haki ya Mungu!"

"Sasa umekwenda wapi?"

Tukatazamana. Miza akachungulia hadi chini ya sufuria, kana kwamba utamu umevujia jikoni. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi.

"Umelala," nikasema. "Utamu wa vidonge ukiona moto hulala. Ukipoa, utaamka."

Shaima alikuwa anasoma karatasi ya kikopo kwa kuikodolea macho. "Babu, hapa wameandika visipikwe kwenye moto mwingi."

"Hivyo ni vya dukani. Vya melini vilikuwa vya melini."

Mlango wa kukiri ulikuwa wazi kabisa pale, nami nikaufunga. Tukasubiri. Mchanganyiko ukapoa, utamu haukuamka. Shaima akamimina kikopo cha pili juu yake, ukawa mtamu wa kukereketa koo, lakini ukabaki uji. Miza akaumwaga kwenye sinia, akashika kisu akate vipande. Kisu kikapita, na nyuma yake uji ukajifunga kana kwamba hakuna aliyepita.

"Kaka Mrisho, kashata yangu haijasimama."

"Wageni wakikaa, itasimama."

Adhana ikasikika. Muda wa kuanza upya haukuwepo.

Wageni walipopiga hodi, mimi nilikuwa nimevaa kanzu, nimekaa mkekani kama mzee wa upande wa bibi harusi. Akaingia Mzee Muataz na mwanawe, na Dija nyuma yao. Tukaamkiana, kahawa ikamiminwa. Miza akaleta sinia.

Mzee aliitazama. "Huu ni uji?"

"Kashata," Miza alijibu.

"Kashata?" Akamtazama Najim, Najim akatazama dari. Kisha nikauona mkono wa mzee unasogea, vidole viwili mbele. Shaima, aliyekuwa nyuma ya pazia, akavuta pumzi kama anayezama.

Nikarukia. "Mzee mwenzangu, hii ni kashata ya melini! Huliwa kwa kijiko. Ya vipande huteleza mezani meli ikiyumba."

Vidole vikasita. Mzee akanitazama usoni kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu.

"Meli gani?"

"Nuru ya Kusini."

"Si wewe Mrisho wa mizani? Wa mashamba ya chumvi? Nimechukua chumvi kwako miaka kumi na tisa, kila mwezi na lori langu, wewe macho kwenye mizani hata sura yangu huijui, na kila mwezi una kisa kipya. Siku moja ulinieleza nyangumi kaingia bwawani kwenu akatoka kakaushwa na chumvi kama ng'onda. Leo umekuwa mpishi wa meli?"

Miza akanigeukia taratibu. "Hujapika melini?"

"Hapana."

"Umewahi kupika popote?"

"Chai," nikasema. "Tena mara nyingi aliipika marehemu mke wangu."

Hakuna aliyecheka. Miza akakaa chini pale pale, machozi yanamtoka. "Baba, tusamehe. Tulitaka uonje tamu yetu bila kudhurika. Tulisikia..." Akamtazama Dija. Dija alikuwa anahesabu miyaa ya mkeka.

Mzee Muataz alichezea kikombe chake, akakiweka.

"Nina sukari," akasema. "Huu mwaka wa tatu. Hata Najim nimemficha."

"Baba!"

"Siku ile sikumkataa binti. Niliikataa sukari, nikaona haya kusema. Nikasukuma sahani nikidhani mtaelewa."

"Tulielewa vingine, baba," Miza alisema, anajifuta uso.

Mzee akachukua kijiko, akachota kidogo, akaonja. Uso wake ukawa wa mtu aliyeamkia nyumba ya ugenini. "Hii haifanani na kitu chochote ninachokijua. Lakini tamu ya nyumba nimeionja, na mashahidi mpo. Siku ya harusi mnitengee kahawa chungu na kipande cha nazi mbichi, mbele ya watu, sifichi tena."

Kigelegele cha Dija kilisikika hadi barabarani. Mimi nikaanza kutafuta viatu vyangu.

"Wewe kaa," mzee akaniambia. "Mahari ataleta mwanangu. Faini utalipa wewe: nazi arobaini za kashata ya harusi, na uzikune mwenyewe."

Nimezilipa. Siku mbili kabla ya harusi nilikaa juu ya mbuzi ya nazi uani kwa Miza, magoti yamekaribia masikio, wanawake wa mtaa mzima wamenizunguka.

"Nahodha, bahari imechafuka?"

"Kuna, baba, kuna! Hiyo ya saba tu!"

Kutoka mlangoni kwangu hadi uani kwa Miza ni hatua kumi na nne. Nilizihesabu nikiwa nimebeba kapu la nazi kichwani, na mtoto wa mtu yeyote akiniuliza urefu wake nitamjibu bila kutia chumvi: njia ya mwongo ni fupi.